Nyumba Moja, Imani Nyingi



Mzee mmoja wa parokia alitujia siku ya Jumamosi na karatasi mkononi. Mwanawe yuko Marekani, anasoma chuo kikuu, sasa ni mwaka wa tatu. Barua ilikuja katika simu ya mjukuu, lakini mzee aliinakili yote kwa mkono wake, kwani alisema kwamba maneno ya mwana hayafai kukaa ndani ya simu. Alikaa, akatupa karatasi, akasema: «Someni ninyi. Mimi nimekwisha kuisoma mara nne, na kila mara moyo unauma mahali pengine.»

Kijana aliandika hivi, kwa kifupi. Siku ya Mungu haendi tena Misa. Anakwenda katika nyumba ya sala ya watu waitwao Waunitari. Kuume kwake hukaa mama mmoja wa asili ya Kiyahudi. Kushoto hukaa mzee asemaye waziwazi kwamba hajui kama Mungu yuko. Nyuma yuko mtu anayefuata mafundisho ya Buddha, na mbele wapo bwana na bibi waliobatizwa Wakatolika tangu utoto. Wote huimba pamoja, husikiliza mahubiri pamoja, na baadaye hunywa kahawa pamoja. Hakuna aliyemwuliza: «Unasadiki nini?» Walimwuliza jina lake na habari za mama yake. Mwisho wa barua yalikuwa maneno haya: «Baba, hapa hakuna anayeniuliza kabila langu.»

Mzee alikuwa na maswali mawili. La kwanza: watu wasiosadiki jambo moja wawezaje kuwa jamaa moja ya sala? La pili: «Nimwandikie nini mwanangu?» Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe nafasi ya kufikiri, na leo twataka kufikiri pamoja nanyi, maana twajua kwamba si yeye peke yake mwenye swali hili.

Waunitari ni watu gani?

Jina lao latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya umoja. Sisi tunasadiki Mungu mmoja katika Nafsi tatu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Babu zao walilikataa fumbo hilo. Walisema kwamba Mungu ni Nafsi moja tu, na Yezu ni mtu mtakatifu aliyetumwa naye. Hapo ndipo tulipoachana, na si jambo dogo. Hatutaki kulificha.

Zamani mtu aliyesema hivyo aliuawa. Mganga mmoja Mhispania, Miguel Servet, aliandika vitabu vya kupinga Utatu Mtakatifu. Katika mwaka 1553 Wakatolika wa mji wa Vienne, Ufaransa, walimtia gerezani, naye akatoroka. Alipofika Geneva, Waprotestanti wa Calvin walimkamata, wakamchoma moto akiwa hai, tarehe 27 Oktoba 1553. Tuseme ukweli: katika kosa lile mikono ya pande zote mbili haikuwa safi.

Lakini miaka kumi na mitano baadaye, katika nchi ya Transylvania, ambayo leo ni sehemu ya Romania, likatokea jambo jipya. Mfalme János Zsigmond alikuwa amevutwa na mafundisho ya mhubiri Ferenc Dávid, ambaye alikuwa Mkatolika, kisha Mluteri, kisha Mkalvini, na mwisho Mwunitari. Mfalme angeweza kuwalazimisha watu wake wote wamfuate. Hakufanya hivyo. Katika mwaka 1568, mjini Torda, baraza la nchi liliweka sheria kwamba kila mhubiri aeleze Evanjili jinsi anavyoielewa, na kwamba mtu asiadhibiwe kwa ajili ya dini yake, kwa sababu imani ni zawadi ya Mungu. Sheria ile haikuwa kamili, kwa maana Waortodoksi, waliokuwa wengi nchini, hawakupewa haki ile sawasawa na wengine. Hata hivyo, katika Ulaya ya siku zile, neno hilo lilikuwa kama taa katika usiku.

Toka huko na toka Uingereza mawazo yao yalisambaa. Marekani, mhubiri William Ellery Channing aliwatetea waziwazi mjini Baltimore katika mwaka 1819, na mwaka 1825 wakaunda chama chao mjini Boston. Katika mwaka 1961 waliungana na Wauniversalisti, yaani wale waliofundisha kwamba Mungu mwishowe ataokoa watu wote. Hata karibu na sisi, mjini Bujumbura, ilianzishwa jumuiya ndogo ya Waunitari.

Basi, msomaji atauliza: hao waliosema Mungu ni mmoja, walifikaje mahali ambapo mtu asiyejua kama Mungu yuko anakaa kiti kimoja na wengine? Walifika kidogo kidogo. Walianza kwa kusema kwamba akili na dhamiri ya mtu ndiyo mwamuzi katika mambo ya dini. Na mwamuzi huyo, akiwekwa juu ya yote, hasimami mahali aliposimama babu yake. Wengine wakaacha miujiza, wengine wakaacha Biblia kuwa kitabu cha pekee, na katika mwaka 1933 wahubiri wao kadhaa walitia sahihi tangazo la watu wanaotaka dini isiyomhitaji Mungu. Si Waunitari wote waliokwenda njia hiyo. Wale wa Transylvania wapo mpaka leo, wana askofu wao na katekismu yao. Lakini nyumba anayokwenda kijana wetu ni ya namna ile ya Marekani.

Wanaishi namna gani pamoja?

Hawana Nasadiki. Mahali pake wana agano, yaani ahadi. Hawaahidi kusadiki mambo yale yale. Wanaahidi kutendeana kwa namna fulani: kuheshimu kila mtu, kutafuta haki, kusaidiana katika kutafuta ukweli. Katika mwaka 1985 waliandika kanuni saba za namna hiyo. Katika mwaka 2024 waliziacha, wakaandika upya, wakaweka upendo katikati na mambo mengine kuuzunguka.

Ibada yao huanza kwa kuwasha moto katika kikombe. Alama hiyo ilichorwa mwaka 1941, wakati wa vita, kwa ajili ya wale Waunitari waliokuwa wakisaidia wakimbizi wa Ulaya. Pengine mtu husimama mbele na kusema furaha yake au taabu yake: mtoto amezaliwa, mama ni mgonjwa, kazi imekwisha. Wengine husikiliza, nao hawatoi hukumu.

Katika makanisa yao mengi vijana wa umri wa kama miaka kumi na minne hufundishwa mwaka mzima habari za dini mbalimbali. Kisha kila mmoja huandika mwenyewe mambo anayoyasadiki na yale anayoyaonea mashaka, akayasoma mbele ya wakubwa wote. Tufikiri jambo hilo. Kijana wetu wa Kipaimara hujifunza Nasadiki aliyoipokea babu yake. Kijana wao huitunga ya kwake.

Tutaje na desturi yao moja nzuri. Ilianzishwa Prague katika mwaka 1923 na Norbert Čapek, mtu aliyezaliwa katika jamaa ya Kikatolika. Watu wake walikuwa wametoka katika makanisa mbalimbali, na wengine hawakutaka tena mkate na divai. Akawaambia kila mtu alete ua moja. Maua yote yaliwekwa pamoja, na wakati wa kwenda nyumbani kila mtu akachukua ua lililoletwa na mwingine. Kwetu sisi ua haliwezi kuwa mahali pa Ekaristi. Lakini maana ya desturi ile yaeleweka hata na mtoto: sikuja kuchukua changu, nimekuja kupokea cha mwenzangu. Čapek mwenyewe aliuawa na Wanazi katika mwaka 1942.

Jambo jema tunaloliona kwao

Kuna Wakristu wanaodhani kwamba mtu mwenye imani yenye makosa hawezi kuwa na tendo jema. Yezu hakufundisha hivyo. Alipotaka kutuonyesha jirani ni nani, hakumchagua mlawi wala kuhani, alimchagua Msamaria, mtu ambaye kwa macho ya Wayahudi alisali vibaya.

Katika mwezi wa Machi 1965, mjini Selma, Marekani, watu weusi walipigwa na polisi kwa sababu walidai haki ya kupiga kura. Mchungaji Mwunitari James Reeb, mtu mweupe, baba wa watoto wanne, aliacha nyumba yake Boston akaenda kusimama nao. Usiku wa tarehe 9 alipigwa kwa rungu barabarani, na tarehe 11 akafa. Siku zile zile masista Wakatolika toka St. Louis walifika Selma, wakaandamana katika barabara zile zile. Masista walisadiki Nafsi tatu, yeye hakusadiki. Lakini walimtambua jirani aliyelala kando ya njia.

Jema la pili ni lile lililomvuta kijana wetu. Alipokelewa kabla ya kuulizwa. Ni nani kati yetu asiyependa kupokelewa hivyo?

Je, hayo yatosha?

Sasa tuulize bila hasira: kuondoa Nasadiki kumeondoa ugomvi? Historia yao wenyewe yajibu.

Ferenc Dávid, yule aliyekuwa mwalimu wa mfalme mwenye sheria ya uhuru, aliendelea kufikiri. Akafundisha kwamba haifai hata kumwomba Kristu. Mfalme alikuwa amekwisha kufa, na sheria mpya ilikataza mtu kuleta mafundisho mapya. Ni nani aliyemshitaki? Daktari Giorgio Biandrata, rafiki yake, Mwunitari mwenzake. Dávid alihukumiwa kifungo cha maisha, akafa katika ngome ya Deva mwaka 1579.

Twende Boston. Katika mwaka 1841 mhubiri Theodore Parker alisema kwamba mengi katika dini ya Kikristu hupita kama mavazi. Wahubiri wenzake, ambao walikuwa wakijisifu kwamba hawamfungi mtu kwa Nasadiki, walimwepuka. Wengi hawakumkubali tena kuhubiri katika makanisa yao, na wengine walimwomba atoke katika chama chao.

Tena, katika mwaka 1920, mchungaji mweusi toka Jamaica, Egbert Ethelred Brown, alianzisha kanisa la Kiunitari katika mtaa wa Harlem, New York. Alisadiki yote waliyosadiki wao. Lakini kwa miaka mingi wakuu wa Boston walimwacha katika umaskini, hata wakamfuta kwa muda katika orodha ya wachungaji wao. Mlango ulikuwa wazi kwa kila wazo. Kwa mtu mwenye ngozi ile ulifunguka kwa shida. Waunitari wa leo hukiri jambo hilo wenyewe, nao wanasikitika kwamba mpaka sasa walio wengi katika nyumba zao ni watu weupe waliosoma sana.

Hatusemi hayo kwa kuwacheka. Twayasema kwa sababu yatufundisha jambo moja: nyumba isiyo na Nasadiki ina mlango vilevile, na yuko mtu anayeshika ufunguo. Sheria ya mlango isipoandikwa, yaweza kukaa moyoni mwa wenye nyumba, na huko mgeni hawezi kuisoma.

Kuna jambo la pili, zito zaidi. Kama mimi mwenyewe ndiye mtungaji wa imani yangu, siku nikianguka imani hiyo huanguka pamoja nami. Mama aliyezika mtoto wake hana nguvu ya kutunga. Anahitaji neno lililokuwako kabla ya msiba wake, neno ambalo wengine hulisema wakati yeye anapolia. Sisi husema «Nasadiki ufufuko wa wafu» hata siku ile ambayo moyo haujisikii kusadiki. Hatudanganyi. Siku hiyo tunabebwa na Eklezya.

Mwunitari mwema atatujibu: «Hata sisi twambebea mama huyo mzigo. Twakaa naye, twampikia, twamshika mkono.» Naam, hilo ni kweli, tena ni jambo kubwa. Lakini kushikwa mkono ni kitu kimoja, na kuambiwa mtoto wangu yuko wapi ni kitu kingine. Sisi tunasadiki kwamba Mungu mwenyewe ametuambia. Ukweli huo hatukuuchimba kama dhahabu. Tumeupewa kama mtoto anavyopewa jina. Kwa hiyo hatuwezi kuuweka mezani uwe wazo moja kati ya mawazo mengi. Tungemdanganya mgeni wetu tukimfanyia hivyo.

Na nyumba yetu?

Hapa, wasomaji wapenzi, twaona haya. Tungetaka kumaliza makala hii kwa kusema: wao hawana Nasadiki, ndiyo maana hawana umoja, sisi tunayo, basi tunao. Hatuwezi.

Katika mwaka 1994 jirani zetu wa Rwanda, nchi yenye Wakatolika wengi, walikimbilia makanisani wapate kuokoka. Waliuawa humo humo, Nyamata, Nyarubuye na mahali pengine. Wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa kama wao. Walikuwa wameimba Nasadiki ile ile, kwa lugha ile ile, mbele ya altare ile ile. Katika mwaka 2017 Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya dhambi za Eklezya na za watoto wake katika mauaji yale. Na sisi wa Kongo tusiwanyoshee kidole. Vita vyetu vya mashariki twavijua, na twajua maneno yasemwayo nyuma ya kanisa baada ya Misa: «Huyu katekista ni wa wapi? Mbona kwaya ni ya watu wa upande ule tu?»

Kwa hiyo kusadiki mambo mamoja hakutoshi, kama vile kumwacha kila mtu asadiki apendavyo kusivyotosha. Umoja wa kweli huonekana wakati unapodai malipo. Ni nani atakayelipa?

Tunao waliolipa. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, nchini Burundi, watu wenye silaha waliingia alfajiri katika bweni la wanafunzi. Waliwaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana walikataa. Waliuawa arobaini. Wale walijua vizuri kila mmoja ni wa kabila gani; hawakuwa na haja ya kuficha wala kusahau. Lakini walikuwa wamepokea jina lililo kubwa kuliko kabila, nao hawakulirudisha. Tazameni, Nasadiki inapoingia mpaka mifupani huwa hivyo.

Jibu kwa mzee

Mzee alirudi juma lililofuata. Tulimjibu hivi.

Kwanza, usimkate mwana wako. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tangazo lake la tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini kutenda kinyume cha dhamiri yake. Kama Eklezya nzima haimlazimishi mtu, baba mmoja atamlazimishaje kijana aliye mbali hivyo? Baba wa yule mwana mpotevu hakumfuata na fimbo, wala hakuacha kutazama njia.

Pili, usimfiche ukweli wako. Kunyamaza si heshima. Mwambie kwamba unasadiki Yezu Kristu ni Mungu, na mweleze sababu, kwa maneno yako wewe, si ya kitabu. Mwambie ni siku gani imani ilikubeba. Huenda hajapata kuyasikia toka kinywani mwako. Watoto wetu wengi wamesikia katekismu kwa mwalimu, lakini hawajamsikia baba yao akisema: «Mimi nasadiki.»

Tatu, jibu lile neno la mwisho la barua. Kijana hakuanza kwa kuukana Utatu Mtakatifu. Aliandika kwamba hakuna anayemwuliza kabila lake. Basi mwulize: «Ni nani aliyekuuliza, na wapi?»

Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha alisema: «Mimi ndimi niliyemwuliza. Alileta msichana nyumbani, mkristu, msichana mwema, mimbaji wa parokia. Nilimwuliza mwanangu huyo ni wa kabila gani. Aliponijibu, nilikataa. Mwaka ule ule aliondoka.»

Tulikaa kimya sisi sote. Mwishowe mzee aliomba kalamu. Alianza kuandika, na maneno ya kwanza hayakuwa ya kumwonya mtoto. Yalikuwa: «Mwanangu, unisamehe.» Chini yake akaandika habari za imani yake, ukurasa mzima, pole pole. Alipomaliza aliongeza mstari mmoja: kama yule mzee asiyejua kama Mungu yuko atapenda siku moja kuja pamoja nawe, mlango uko wazi, na mama atapika.

Hatujui kijana atajibu nini. Jumapili ijayo, padri atakapoanza Nasadiki nasi sote tutakaposimama, kila mmoja wetu atazame kuume kwake na kushoto kwake. Aliye hapo anasadiki kama wewe. Je, ungempa binti yako?